Pikapu nzito: Nguvu ya kuvuta hutangazwa, ulaji wa mafuta hufichika

MNUNUZI anayeingia katika duka la magari nchini Marekani hukuta kibandiko kwenye dirisha la kila gari dogo jipya, kikimweleza umbali ambao gari hilo litakwenda kwa kiasi fulani cha mafuta. Akisogea hadi zilipoegeshwa pikapu kubwa za kazi, habari hiyo hataiona. Ataambiwa kwa mbwembwe uzito ambao gari linaweza kuvuta, lakini hataambiwa litakunywa mafuta kiasi gani likiuvuta.

Pengo hilo halikutokana na uzembe wa wauzaji. Limo katika sheria yenyewe, na linamhusu kila mkulima, mwanakandarasi au mchukuzi anayenunua gari kwa ajili ya kazi, kwa kuwa gharama ya mafuta ndiyo aghalabu huamua iwapo safari ilileta faida au hasara.

Pikapu nzito ni ipi?

Magari nchini Marekani hugawanywa kwa uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, yaani gari lenyewe pamoja na abiria na shehena yake. Pikapu zinazohesabiwa kuwa nzito ni zile zinazozidi pauni 8,500 (kilo 3,856) na kuishia pauni 14,000 (kilo 6,350). Miongoni mwazo ni Ford F-250 na F-350, Ram 2500 na 3500, pamoja na Chevrolet Silverado na GMC Sierra za daraja la 2500HD na 3500HD.

Pikapu hizi ni nadra katika barabara za Kenya, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba huundwa usukani ukiwa upande wa kushoto. Zinazofahamika zaidi hapa, kama vile Toyota Hilux na Isuzu D-Max, huidhinishwa katika baadhi ya matoleo kuvuta hadi tani 3.5. Kwa kulinganisha, Ford F-450 ya mwaka 2023 ilitangazwa kuwa inaweza kuvuta pauni 40,000, yaani tani 18 na ushei, ikiwa imeandaliwa ipasavyo. Hata hivyo, kanuni zinazotawala ulaji wa mafuta ni zile zile kwa gari kubwa na dogo.

Sheria iliyoacha mwanya

Baada ya mataifa ya Kiarabu kuinyima Marekani mafuta kati ya mwaka 1973 na 1974, bunge la nchi hiyo lilipitisha mwaka 1975 sheria ya uhifadhi wa kawi iliyozaa viwango vya ulaji wa mafuta na vibandiko vya madirishani. Pikapu zilizozidi uzito wa pauni 8,500 zilibaki nje ya mpango huo wa vibandiko.

Sheria nyingine ya mwaka 2007 iliagiza magari ya kazi nayo yawekewe viwango. Viwango vya kwanza vilikamilishwa mwaka 2011 na kuanza na magari ya toleo la mwaka 2014. Lakini vilipangwa kwa namna ya pekee: kadiri pikapu ilivyoweza kubeba na kuvuta uzito mkubwa zaidi, ndivyo ilivyoruhusiwa kutumia mafuta mengi zaidi. Isitoshe, gari lilipimwa likiwa na nusu ya shehena yake, bila trela nyuma. Viwango hivyo vilimbana mtengenezaji kwa wastani wa magari yake yote, wala havikumlazimisha kumwonyesha mnunuzi takwimu ya gari moja moja.

Upande wa kuvuta, mambo ni tofauti. Chama cha wahandisi wa magari cha SAE kilichapisha mwaka 2008 utaratibu unaoitwa J2807, ambao unaeleza namna ya kuthibitisha uzito ambao gari linaweza kuvuta. Sehemu moja ya jaribio hufanywa katika mlima wa Davis Dam jimboni Arizona, ambako gari hupanda kwa umbali wa kilomita 18 hivi katika joto la nyuzi 38, kipoza hewa kikiwa kimewashwa. Pikapu yenye magurudumu mawili ya nyuma haipaswi kushuka chini ya kilomita 64 kwa saa, na yenye manne isishuke chini ya kilomita 56. Jaribio hilo huonyesha kama injini itastahimili joto na kama gari litatulia barabarani. Mafuta yaliyotumika si miongoni mwa mambo yanayoamua kufaulu au kufeli.

Mwamba ngoma huvutia kwake. Watengenezaji hutangaza takwimu iliyo na jaribio lililokubaliwa na inayowapa sifa, na mnunuzi huachiwa kukisia ile nyingine.

Mafuta yanakwenda wapi?

Gari linalovuta trela hutumia kawi kwa kazi nne: kusukuma hewa iliyo mbele yake, kushinda ukinzani wa matairi barabarani, kupanda miinuko, na kurejesha mwendo kila baada ya kufunga breki. Wengi hudhani kwamba uzito ndio mlaji mkuu. Hesabu inaonyesha vinginevyo.

Ichukuliwe pikapu ya dizeli yenye tani 3.5 inayovuta trela la sanduku lenye tani 5, jumla tani 8.5. Lita moja ya dizeli ina kawi ya takriban megajuli 36. Ikiwa asilimia 35 ndiyo inayofika kwenye magurudumu, basi kila lita huleta megajuli 12.6 za kazi halisi. Nyingine hupotea kama joto.

Katika barabara tambarare, kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, hewa hulikinza gari hilo na sanduku lake refu kwa nguvu ya karibu nyutoni 1,900, ilhali matairi hukinza kwa nyutoni 800 hivi. Kushinda nguvu hizo mbili kwa kilomita 100 huhitaji takriban lita 21 na nusu, yaani kilomita 4.7 kwa lita.

Dereva yuyo huyo akiongeza mwendo hadi kilomita 110 kwa saa, ukinzani wa matairi haubadiliki sana. Ule wa hewa, hata hivyo, huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Nyongeza ya asilimia 22 katika mwendo huongeza nguvu ya hewa kwa karibu asilimia 50, na gari litahitaji karibu lita 29 kwa kilomita 100. Katika umbali huo ameokoa dakika 12 na kuzilipia lita 7 za dizeli.

Sasa abaki katika kilomita 90 kwa saa na badala yake aongeze tani nzima ya mzigo ndani ya sanduku hilo. Katika barabara tambarare nyongeza hiyo itamgharimu chini ya lita moja kwa kilomita 100. Na iwapo tani zile zile 5 zingekuwa saruji au vyuma kwenye trela bapa la chini, ambalo hewa hulikinza kwa nusu tu ya nguvu ya awali, matumizi yangeshuka hadi lita 14 hivi. Kwa hiyo, katika safari ndefu tambarare, umbo la trela na mwendo wa dereva ni mambo mazito kuliko mzigo wenyewe.

Marekani ililitambua jambo hilo mapema. Mwaka 1974 nchi hiyo iliweka kikomo cha maili 55 kwa saa, karibu kilomita 88, katika barabara zake kuu ili kuokoa mafuta. Kikomo hicho cha kitaifa kilifutwa mwaka 1995, lakini jimbo la California limeendelea kukitumia kwa magari yanayovuta matrela.

Milima haidanganyi

Mizani hugeuka pale barabara inapoanza kupanda. Kuinua tani 8.5 kwa mita 1,000 huhitaji megajuli 83, sawa na takriban lita 6.6 za dizeli juu ya zile za kawaida. Hapo kila tani ina bei yake, na mwendo wa polepole hauiondoi.

Mfano wa karibu ni barabara ya Mombasa hadi Nairobi. Jiji kuu liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na safari ni ya kilomita 480 hivi. Kwa gari la mfano wetu, upepo na matairi pekee vitahitaji lita 103 kwa kilomita 90 kwa saa, na kuinua mzigo kutaongeza lita 11. Wakati wa kurudi, mteremko humrudishia dereva sehemu ya kawi hiyo mahali ambapo barabara inashuka taratibu na gari linajiendea. Penye mteremko mkali anapolazimika kukanyaga breki, kawi hiyo hugeuka joto na kupotea.

Dizeli au petroli?

Pikapu nyingi nzito za Marekani huuzwa kwa chaguo la injini mbili. Ram ilianza kutumia injini ya dizeli ya Cummins katika toleo la mwaka 1989, nayo Ford ikaleta injini ya petroli ya lita 7.3 katika toleo la mwaka 2020.

Dizeli ina kawi nyingi zaidi kwa kila lita, na injini yake hubana hewa kwa nguvu zaidi, hivyo kupata kazi kubwa kutokana na mafuta yale yale. Injini ya petroli inapobanwa na mzigo mzito, aghalabu hujiongezea mafuta ya ziada ili kupunguza joto ndani yake. Ikikadiriwa kwamba asilimia 27 tu ya kawi ya petroli ndiyo inayofika kwenye magurudumu, trela lile la sanduku litahitaji lita 31 kwa kilomita 100 pale ambapo dizeli ilihitaji 21 na nusu.

Tofauti hiyo ya karibu lita 10 humfaa anayevuta kila siku. Kwa kilomita 20,000 za kuvuta kila mwaka, ni lita 2,000 hivi. Kwa anayevuta kilomita 2,000 pekee, ni lita 200, ambazo huenda zisifidie kamwe bei ya juu ya injini ya dizeli, vichujio vyake na dawa ya urea inayotiwa katika magari mapya ili kupunguza sumu ya moshi. Huko Marekani, zaidi ya hayo, lita ya dizeli kwa kawaida huuzwa ghali kuliko ya petroli.

Kipimo kinachopotosha

Kuhesabu kwa kilomita kwa lita kuna mtego wake. Mwaka 2008 watafiti Richard Larrick na Jack Soll wa Chuo Kikuu cha Duke walionyesha kwamba watu hukosea wanapolinganisha magari kwa kipimo cha umbali kwa mafuta. Gari linaloboreka kutoka kilomita 10 hadi 12 kwa lita huokoa lita 1.7 kwa kilomita 100. Lile linaloboreka kutoka kilomita 3 hadi 4 huokoa lita 8.3, ingawa nyongeza yake yaonekana ndogo. Magari yanayovuta mizigo yamo katika kundi hili la pili, na ndiyo sababu marekebisho madogo kwayo huleta akiba kubwa. Lita kwa kilomita 100 ndicho kipimo kinachomfaa mwenye gari la kazi.

La kufanya

Kwa kuwa hakuna kibandiko, mwenye gari hana budi kujipimia. Ajaze tangi hadi pomoni, avute trela lake la kawaida katika njia yake ya kawaida, kisha ajaze tena katika kituo kile kile na kugawanya lita kwa kilomita alizokwenda. Arudie mara tatu au nne, akienda na kurudi, ili upepo na milima visimpotoshe.

Kisha apunguze mwendo, ahakikishe matairi ya gari na ya trela yana upepo wa kutosha, na apange mzigo uwe chini na ufunikwe vyema. Anaponunua gari jipya, aulize uwiano wa gia za ekseli ya nyuma: uwiano mkubwa husaidia kuvuta mlimani lakini huizungusha injini kwa kasi zaidi katika barabara tambarare.

Nchini Kenya, bei za mafuta hutangazwa kila mwezi na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Mchukuzi anayejua idadi ya lita anazotumia kwa kilomita 100 akiwa na trela anaweza kurekebisha nauli ya mzigo siku hiyo hiyo bei inapobadilika. Asiyeijua huendelea kutoza bei ya mwezi uliopita, na hasara huigundua gari likiwa tayari limefika.