Divai ilifika pwani ya Fizi kabla ya reli

Mboko watu wanajua kasiksi na kanyanga. Divai ni kitu kingine. Wengi wanaijua kwa jina tu, kwa sababu ya arusi ya Kana, na wachache wanaionja kanisani. Hata jina lenyewe linaonyesha njia iliyopita: Wakongomani wanasema divai, neno linalotokana na Kifaransa, na ng'ambo ya ziwa Watanzania wanasema pia mvinyo, neno lililoachwa na Wareno kwenye pwani ya bahari.

Historia ya kinywaji hiki upande huu wa Tanganyika ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Wamisionari Waafrika, wanaoitwa mapadre weupe, walifika Ujiji mwezi wa kwanza 1879, baada ya safari ya miguu kutoka Bagamoyo. Mwaka 1880 walivuka ziwa na kufungua misioni ya Mulweba, katika Masanze, na mwaka 1883 wakafungua ile ya Kibanga. Zote mbili ni katika nchi inayoitwa leo teritwari ya Fizi. Shirika lao lilianzishwa Aljeria mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie, na huko Maison-Carrée lilikuwa na mashamba yake ya mizabibu. Huku ziwani mzabibu haukuwa mmea wa kawaida.

Hilo lilikuwa tatizo la kweli, maana sheria ya Kanisa Katoliki hairuhusu misa kwa pombe ya ndizi wala ya mti mwingine. Lazima iwe divai ya zabibu. Basi divai ilitoka ng'ambo ya bahari, ikabebwa na wapagazi zaidi ya kilomita 1,200 hadi Ujiji, kisha ikavushwa ziwa. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa karibu kilo 30. Vitabu vinataja sana majina ya mapadre, na Askofu Bridoux aliyefariki Kibanga mwaka 1890. Waliobeba mizigo hawatajwi.

Kwa nini mizabibu haikuenea hapa? Mtu wa Mboko anaweza kujibu mwenyewe akitazama mvua. Inaanza Septemba au Oktoba na kuendelea mpaka Mei, na ziwa linaleta unyevu siku zote. Mzabibu ukilowa hivyo unashikwa na ukungu, majani yanakauka, matunda yanaoza kabla ya kuiva. Mchikichi unapenda maji hayo, mzabibu hapana.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Katikati ya njia hiyo kuna Dodoma, na ni hapo, katika nchi kavu ya Wagogo, zabibu zilipata makao. Wamisionari Wakatoliki walizipanda Bihawana katika miaka ya 1950. Serikali ya Tanzania baadaye ikajenga kiwanda chake, DOWICO, ambacho kilidhoofika na kufa kama viwanda vingi vya serikali vya wakati ule. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya CETAWICO, yenye mkono wa Waitaliano, ilianza kazi Hombolo, nje ya mji. Dodoma inavuna mara mbili kwa mwaka, karibu mwezi wa pili na wa tatu, tena mwezi wa nane na wa tisa. Ulaya wanavuna mara moja tu.

Zabibu nyekundu iliyo maarufu huko inaitwa Makutupora, jina la kijiji penye kituo cha utafiti. Divai nyekundu nzuri mara nyingi haitoki kwa zabibu ya aina moja. Mtengenezaji anachanganya: aina hii inatoa rangi, ile harufu, nyingine nguvu. Rangi haitoki ndani ya tunda bali kwenye ganda, ndiyo maana maji ya zabibu yanaachwa yachachuke pamoja na maganda yake.

Wanaoionja kwa kazi hawameze haraka. Wanainamisha glasi mbele ya karatasi nyeupe waone rangi, wanainusa, wanachukua funda dogo na kulizungusha mdomoni. Ulimi unakauka kidogo, kama mtu aliyeuma ndizi mbichi au aliyekunywa chai kali bila sukari. Huo ni ukakasi wa maganda na mbegu. Ukizidi, divai ni chungu. Ukikosekana, ni kama juisi. Mtu aliyezoea kasiksi atasema hiyo divai kavu haina sukari, na hatakosea, kwa sababu sukari yote imegeuka kileo.

Lakini mwenye shamba Dodoma mara nyingi si yeye anayekunywa chupa ya bei ya juu. Anauza zabibu kwa kilo. Viwanda vikijaa, tunda halingoji: siku chache tu linaharibika, naye anakubali bei yoyote. Mama wa Mboko anayeshuka na bidoni za mawese siku soko limejaa anaijua hali hiyo vizuri. Tofauti ni kwamba mawese yanaweza kungoja wiki nyingine, kama kuna mahali salama pa kuyaweka.

Na mahali salama ndipo penye shida. Mzabibu unaanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu, kisha unazaa kwa miaka mingi, ila lazima mtu awepo wa kuupogoa kila msimu. Mchikichi pia unadai miaka mitatu au minne kabla ya chane la kwanza. Ni mimea ya watu wanaokaa. Familia za Fizi zilizokimbia mwaka 1996 na kuwekwa kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, ziliacha michikichi ikiwa inazaa, na kambini zikapata viwanja vidogo vya mboga. Mwezi wa kumi 2005 meli za kurudisha wakimbizi zilianza kutoka Kigoma kuja Baraka. Waliorudi wakakuta miti ile ile imekua mirefu, katikati ya vichaka, na swali la kwanza kwa wengi halikuwa nani ataipanda tena, bali nani amekuwa akiikata chane miaka yote hiyo.