Nafsi Isiyojiona: Historia Fupi ya Ugonjwa wa Mpakani

Tangu utoto katekismu ilitufundisha kwamba katika Mungu mmoja kuna Nafsi tatu. Kiisha, katika seminari kubwa, tulipokea maelezo ya Boethius, mwanafilosofia wa Roma aliyeuawa mwaka 524 hivi: nafsi ni dhati moja yenye akili, isiyogawanyika. Lakini nyumbani neno hilo hilo lina maana nyingine. Mama akisema nafsi yake haina raha, hafundishi teolojia. Anataja namna anavyojisikia kuwa yeye mwenyewe. Maana hizo mbili zakaa pamoja katika neno moja, wala hazigombani. Uko ugonjwa mmoja unaozitenganisha, na historia yake yafaa kujulikana na kila mchungaji wa watu.

Ni nani mwenye ugonjwa huo? Ni kijana ambaye jana alimwona padri kama malaika, na leo, kwa neno dogo tu au kwa kuchelewa kidogo, anamwita adui. Anaogopa mno kuachwa. Moyo wake unageuka mara nyingi kwa siku moja. Anasema kwamba ndani yake ni patupu. Pengine anajikata mkono kwa wembe, au anataka kujiua. Leo anataka utawa, mwezi ujao anataka biashara, kiisha hajui kitu anachotaka. Na sisi, kwa haraka, twasema: ni mnafiki, ni mwongo, ana pepo.

Waganga wa hospitali nao walikosa jina muda mrefu. Waligawanya wagonjwa makundi mawili: wenye nevrosi, yaani wanaosumbuka moyoni lakini wanajua mambo yalivyo, na wenye saikosi, yaani waliopotewa na akili. Mwaka 1938, huko New York, mganga Adolph Stern aliandika juu ya watu wasioingia kundi hili wala lile. Neno dogo liliwajeruhi sana, na dawa ya mazungumzo iliyowasaidia wengine haikuwafaa. Aliwaita watu wa mpakani. Tuangalie vema: jina hilo halikusema wao ni nani, lilisema tu hawakuwa pahali gani. Mtu asiyejijua alipewa jina lisilomtambulisha.

Aliyefungua njia ni Erik Erikson. Huyu alizaliwa Ujeremani mwaka 1902, wala hakumjua baba yake. Alipewa jina la mume wa mama yake, na baadaye, katika Amerika, akajichagulia mwenyewe jina la Erikson. Si ajabu kwamba ndiye aliyeuliza sana jinsi kijana anavyopata kujijua kuwa ni yule yule jana, leo na kesho. Akaona kwamba kwa wengine kujijua huko kunatawanyika, hakushikamani.

Mwaka 1967 Otto Kernberg, mzaliwa wa Vienna, alichukua fundisho hilo akalipeleka kwa watu wa mpakani. Alisema kwamba kila mtoto mchanga anaweka mbali mambo mema na mabaya: mama anayempa maziwa, na mama anayekawia kuja. Akikua, anaunganisha: mama ni mmoja, na mimi ni mmoja, mwenye mema na mabaya pamoja. Mgonjwa wa mpakani hajafika pale. Ndiyo maana padri anakuwa malaika au shetani, na yeye mwenyewe vilevile. Mwaka ule ule mganga wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, aliandika kwamba mtoto anajiona kwanza katika uso wa mama yake. Wazee wetu walisema kwa ufupi zaidi: mtu ni watu.

Mwaka 1980 waganga wa Amerika waliingiza ugonjwa huu katika kitabu chao cha kutambua magonjwa ya akili, na tangu 1994 wanahesabu alama 9, ambazo 5 zinatosha. Kutokujijua ni moja tu kati yake. Lakini Shirika la Afya Ulimwenguni, katika orodha yake iliyoanza kutumika Januari 2022, limeweka taabu ya nafsi na taabu ya kuishi na wengine kama msingi wa magonjwa yote ya utu. Kilichokuwa alama kimeonekana kuwa shina.

Tutaje sasa mgonjwa mmoja. Mwaka 1961 msichana wa miaka 17, Marsha Linehan, aliingizwa hospitalini mjini Hartford, Amerika. Alijikata, alijichoma kwa sigara, alipiga kichwa chake ukutani. Alikaa humo zaidi ya miaka 2. Usiku mmoja wa mwaka 1967 alikuwa akisali katika kapela ndogo ya Kikatoliki huko Chicago, akitazama msalaba. Mwenyewe alisimulia mbele ya watu mwaka 2011 kwamba gafula alijisikia kupendwa, akakimbilia chumbani akasema kwamba anajipenda. Ilikuwa mara ya kwanza anayokumbuka kujitaja kwa neno "mimi".

Hakupona siku ile mara moja. Alisoma, akawa mwalimu wa chuo kikuu, na mwaka 1991 alionyesha dawa yake kwa wanawake waliokuwa wakijiumiza. Baada ya mwaka mmoja walijiumiza kidogo kuliko wenzao waliotunzwa kwa njia ya kawaida. Dawa yenyewe ni mambo mawili yaliyofungwa pamoja: kumpokea mgonjwa kama alivyo, na kumfundisha, hatua kwa hatua, kubadilika. Aliona pia kwamba mtoto mwenye moyo mwepesi kuumia, akiambiwa kila siku kwamba kilio chake ni uongo, hawezi kujifunza kusoma moyo wake mwenyewe.

Historia hii yatufundisha nini? Kwanza, tusichanganye maana mbili za nafsi. Mgonjwa wa mpakani hajioni kuwa mmoja, lakini ni mmoja. Aliumbwa mmoja, alibatizwa mmoja, Mungu amwita kwa jina lake hata siku ambayo yeye mwenyewe halijui. Pili, tusimhukumu upesi katika Kitubio. Katekismu ya Eklezia ya mwaka 1992 yasema wazi kwamba taabu kubwa za akili zaweza kupunguza lawama ya mtu aliyejiua. Tatu, tusijifanye waganga. Anayejikata, au anayetaja kifo, apelekwe hospitalini, wala asiachwe peke yake.

Kazi yetu ni nyingine, nayo ni ngumu. Ni kubaki vilevile. Akitusifu, tusivimbe, akitutukana, tusikimbie, saa tuliyosema tutakuja, tuje. Mtu asiyeweza kukumbuka uso wake mwenyewe ahitaji sana kuona uso wa mwingine usiogeuka kila siku.