Nafsi Yenye Kulaumu: Funzo la Adili kwa Watu wa Kilosa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Katika darsa za Kilosa na Mikumi wanafunzi huuliza: mtu akilazimishwa kutenda ubaya, moyo wake ukachukia, je, machukio hayo yana uzito wowote katika hukumu? Mfano mzuri umo katika Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1952. Mtunzi huyu aliwahi kufanya kazi Mpwapwa, jirani zetu wa magharibi.

Adili, liwali wa Janibu, alifanyiwa hiyana na nduguze, Hasidi na Mwivu. Jini Huria akawageuza manyani, akamwamuru Adili awachape kila usiku. Akiacha, atageuzwa yeye. Adili alichapa, kisha akawalisha na kulia. Mkono ulitii, moyo ukakataa.

Asili ya kisa hiki ni Alfu Lela Ulela, katika habari za Abdallah bin Fadhil wa Basra, zama za Khalifa Harun Rashid. Kule nduguze ni mbwa, na wakisharudishiwa utu wao hurudia hiyana. Shaaban Robert aliwapa mwisho wa toba.

Ama fiqhi, aya ya 106 ya Sura An-Nahl inamsamehe aliyelazimishwa kutamka kufuru hali moyo wake umetulia juu ya imani. Wafasiri wengi wanasema ilishuka kwa ajili ya Ammar bin Yasir (r.a.). Hata hivyo, ruhusa hii ina mpaka. Wanazuoni wamesema kulazimishwa hakuhalalishi kumuua asiye na hatia, kwani roho yako si bora kuliko ya mwenzako. Kwa hiyo Adili ana udhuru katika mijeledi. Lau angeamriwa kuua, asingekuwa nao.

Sasa tujitazame wenyewe. Tarehe 8 Desemba 2000, ndani ya Ramadhani ya mwaka 1421 Hijria, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani kwetu, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Hapakuwa na jini wa kumlazimisha mtu. Palikuwa na malisho, mashamba na kisasi. Na mwenye kusema "niliwafuata wenzangu" hana udhuru wa kulazimishwa mbele ya sheria.

Wabisa bin Maabad (r.a.) alimwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya wema na dhambi, akaelekezwa auulize moyo wake, hata kama watu watampa fatwa. Wanazuoni wamebainisha kuwa moyo huo ni ule ulionyooshwa na imani, na hautangui nassi iliyo wazi. Moyo uliojaa chuki ya kabila hauulizwi, hutibiwa kwanza.

Basi, ndugu maimamu, tusingoje ng'ombe waingie shambani ndipo tupande mimbari. Nafsi yenye kulaumu, aliyoiapia Mola katika Sura Al-Qiyama, hulelewa siku za amani.

Wallahu aalam.