Mau Mau Mjini: Ardhi, Jaa na Kamera katika Video za Hip Hop ya Dandora

Uhakiki wa Kimarx katika fasihi ya Kiswahili una mazoea yake. Mhakiki huwasaka mabwanyenye na makabwela ndani ya matini, huibua migongano yao, kisha hutamka kwamba msanii ameiakisi jamii yake. Mazoea hayo yaliifaa riwaya yenye kiwanda, mwajiri na mgomo. Yanapohamishiwa video za muziki zinazosawiri umaskini wa mjini, huyumba. Katika hip hop iliyotoka Dandora, mashariki mwa Nairobi, mwishoni mwa miaka ya 1990, kiwanda hakionekani wala mwajiri hana sura. Kinachosawiriwa ni mtaa wenyewe, na vijana wasio na ajira. Kwa nadharia, vijana hao ni nani?

Jibu jepesi ni lile la Marx wa 1852, alipoandika kuhusu mapinduzi ya Louis Bonaparte: hao ni walumpeni, takataka za matabaka yote, watu wa kununuliwa na yeyote mwenye fedha. Frantz Fanon aliligeuza jibu hilo mwaka 1961 kwa kuwaona walalahoi wa vitongoji kuwa ncha ya mkuki wa ukombozi. Lawama ya Marx na sifa ya Fanon zina kasoro moja: zote mbili hupima tabia ya kisiasa ya maskini kabla ya kueleza alikotoka. Marx wa juzuu ya kwanza ya Kapitali, 1867, anafaa zaidi. Humo anaeleza mambo mawili yanayohusiana: ulimbikizaji wa awali, yaani kumtenga mzalishaji na ardhi yake kwa nguvu, na jeshi la akiba la wafanyakazi, ambalo mtaji hulihitaji hata usipoliajiri.

Wasanii wenyewe walishaitaja historia hiyo katika jina walilojipa. Kalamashaka, kundi la watu watatu lililovuma kwa wimbo “Tafsiri Hii”, lilikuwa kitovu cha vijana wa Dandora waliojiita Mau Mau. Walipoungana na Ukoo Flani wa Mombasa, pakazaliwa Ukoo Flani Mau Mau. Wahakiki wengi huliona jina hilo kuwa pambo la kishujaa tu. Ni zaidi ya hapo. Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku Mau Mau mwaka 1950, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi 2003. Kwa hiyo vijana hao walijiita kwa jina la chama ambacho kisheria kilikuwa bado haramu, miongo mitatu na zaidi baada ya uhuru uliodaiwa kupatikana kwa jasho la wanachama wake. Muungano wenyewe una mantiki ya ardhi. Bara, amri za ardhi za 1902 na 1915 zilimfanya Mwafrika mpangaji wa serikali. Pwani, sheria ya hatimiliki ya 1908 iliwaacha wengi wakiwa maskwota katika mashamba waliyoyalima wenyewe. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipounganisha vishamba na kutoa hati, wasiokuwa na chochote cha kuandikisha walibaki bila chochote. Mtoto wa mtu huyo, au mjukuu wake, ndiye asimamaye mbele ya kamera.

Dandora nayo si kitongoji kilichojiotea. Mradi wa makazi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia tangu 1975 uliwagawia watu viwanja vyenye maji na choo, wakaachiwa kujijengea. Gharama ya kumhifadhi mfanyakazi, ambayo kwa hesabu ya Marx ingepaswa kuingia katika ujira, ilibebeshwa familia yake. Kando ya makazi hayo likawekwa jaa kuu la jiji.

Jaa hilo, pamoja na moshi na korongo wake, limekuwa mandhari inayorudiwa mno katika taswira za umaskini wa Nairobi, na hapa ndipo kamera hudanganya hata pale isipokusudia. Mwokota taka huonekana kama aliyetupwa nje ya uchumi. Ukweli ni kinyume. Plastiki na chuma anavyookota hupimwa kwa kilo, hununuliwa na dalali, kisha hufika kiwandani vikiwa malighafi. Huo ni ujira wa kipande hasa, ule ambao Marx aliuona kuwa umbo la ujira linaloufaa zaidi ubepari, kwa kuwa mfanyakazi hujisimamia na kujihimiza mwenyewe. Neno lenyewe limebeba kumbukumbu: kipande katika Kiswahili cha ukoloni kilikuwa kadi ya kazi ya siku 30, na nchini Kenya, kuanzia 1919 na 1920, kikawa kitambulisho ambacho mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Mwokota taka wa leo hana kikebe. Mzani wa dalali unatosha.

Video inayomwonyesha bila mzani huo huigeuza kazi kuwa mandhari. Isitoshe, video yenyewe ni bidhaa. Runinga ya kibiashara, iliyoanza nchini Kenya kwa KTN mwaka 1990, iliuza muda wa watazamaji kwa watangazaji, na uchochoro wa Dandora ukasaidia kuuza sabuni. Haifuati kwamba wasanii walisaliti mtaa wao. Mashairi yao, kwa Kiswahili na Sheng, yalidai maelezo ambayo picha haikuweza kuyatoa, na mhakiki anayetazama picha pekee hulikosa dai hilo.

Tofauti hiyo ilijitokeza wazi mwaka 2022, kampeni za urais zilipomwita maskini huyohuyo “hasla”. Neno lilitoka mtaani, na uchochoro ukawa uleule, lakini asiye na ardhi wala ajira alikuwa sasa mfanyabiashara mdogo anayengoja mkopo. Katika jina Mau Mau, maskini ni mtu anayedai alichonyang’anywa. Katika jina hasla, hakuna aliyemnyang’anya.