Mkonge na Jembe la Nyumbani

Wasemao kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa husema kweli, lakini aghalabu hawaelezi ni kilimo kipi kinachotajwa, wala mzigo wake huangukia mgongo wa nani. Katika Tanganyika swali hilo laweza kuchunguzwa kwa kutazama zao moja, yaani mkonge, ambalo kwa miaka mingi liliyatangulia mazao mengine kwa fedha zilizoletwa kutoka ng'ambo. Hesabu za mkonge ziliandikwa kwa uangalifu mkubwa. Upungufu wake ni kwamba zilikitaja kilimo cha shamba kubwa peke yake, zikakiacha kilimo kingine kilicholitegemeza shamba hilo.

Mkonge si mmea wa asili ya Afrika. Kwao ni Yucatan, katika nchi ya Meksiko, na aliyeuleta Afrika ya Mashariki ni Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani. Aliagiza miche elfu moja kutoka Florida. Ikapitia Hamburg, na katika mwaka wa 1893 ikafika Tanga. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Iko hadithi ipendwayo kwamba miche ya kwanza ilifichwa tumboni mwa mamba aliyekaushwa. Hadithi hiyo ni tamu, lakini haina haja, maana kunusurika kwa miche hiyo 62 ni ajabu ya kutosha. Ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ikazaa vitalu, na vitalu vikazaa mashamba. Kufikia mwaka wa 1913 nchi ilikuwa ikisafirisha zaidi ya tani 20,000 za singa kwa mwaka.

Maumbile ya mmea wenyewe ndiyo yaliyoamua nani aweze kuulima. Mkulima hungoja miaka miwili, mitatu au zaidi kabla ya kukata majani ya kwanza. Tena, katika kila kilo mia za majani, singa safi ni kama kilo nne tu. Zilizobaki ni maji na makapi. Kwa hiyo haifai kuyasafirisha majani mbali. Hapana budi mashine ya kuyaparuza, ambayo wafanyakazi waliiita korona, iwekwe karibu na shamba, ipatiwe maji mengi, na ijengewe reli ndogo ya kuyabebea majani. Mambo hayo yalitaka fedha nyingi. Ndiyo sababu mashamba yakawa mikononi mwa makampuni ya Kizungu na matajiri wa Kihindi, akina Karimjee wakiwamo.

Fedha zilipatikana, watu ndio waliokuwa adimu. Wabondei, Wazigua na Wadigo, ambao nchi yao ilizungukwa na mashamba hayo, hawakuwa na hamu ya kukata mkonge. Walikuwa na ardhi yao wenyewe, na tena walikuwa na soko mlangoni, kwa kuwa kambi za wafanyakazi zilihitaji chakula. Waliowaita wavivu hawakufanya hesabu: mtu awezaye kuuza mahindi na mihogo yake kwa faida hana sababu ya kwenda kuchomwa na miiba kwa ujira mdogo. Basi watu wakatafutwa mbali, katika Songea, Njombe na Kigoma, na hata nje ya mipaka, katika Msumbiji na Ruanda-Urundi. Mwaka wa 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri, iliyojulikana kwa jina la SILABU, ili iwaandikishe watu na kuwasafirisha. Walioandikishwa waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alitambulika kwa nambari yake. Kazi ilihesabiwa kwa kipande: siku thelathini za kazi, ambazo ilimpasa mtu azitimize ndani ya siku arobaini na mbili.

Kwa nini watu wa Songea walikwenda? Mtaalamu P. H. Gulliver, aliyechunguza safari hizo miongoni mwa Wangoni na Wandendeule na kuchapisha utafiti wake mwaka wa 1955, alionyesha kwamba sababu kubwa ni haja ya fedha mahali ambapo njia za kuzipata zilikuwa chache. Kodi ilitakiwa, nguo zilitakiwa, na reli ilikuwa mbali. Kigoma ilipata reli mwaka wa 1914, lakini reli peke yake haikuifanya nchi ya Buha kuwa na zao kubwa la biashara. Ikawa njia ya kuwachukua vijana wake.

Hapa ndipo penye hesabu isiyoandikwa. Mshahara wa manamba ulikuwa mshahara wa mtu mmoja, tena aliyepewa posho yake kambini. Haukupimwa ili ulishe mke na watoto. Hao walilishwa na nani? Walilishwa na shamba la nyumbani, lililolimwa kwa jembe la mkono na wanawake na wazee, katika msimu ambao mikono yenye nguvu ya kufyeka msitu ilikuwa Tanga. Shamba hilo ndilo lililomkuza kijana mpaka akafaa kuajiriwa, na ndilo lililompokea aliporudi amechoka au mgonjwa. Bei ya singa katika soko la London haikuwa na senti moja kwa ajili ya kazi hiyo. Yaani mikoa iliyoitwa maskini ilikuwa ikiusaidia mkoa uliosifiwa kwa utajiri, na hakuna daftari la serikali lililoonyesha mkopo huo.

Vita vikuu vya pili vilipofunga njia za nyuzi kutoka Ufilipino na Java, mkonge ukawa mali ya thamani kubwa; vita vya Korea vikapandisha bei tena. Hivyo, uhuru ulipopatikana mwaka wa 1961, mkonge ulikuwa wa kwanza miongoni mwa mazao yaliyouzwa nje, nao uliajiri watu zaidi ya laki moja. Mwaka wa 1964 mavuno yalipita tani 230,000, na mwaka huohuo Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano ukaanza. Lakini sehemu kubwa ya singa hizo ilikwenda kusokotwa ng'ambo kuwa kamba za kufungia ngano na majani makavu ya ng'ombe. Wakulima wa huko walipopata kamba za plastiki zilizo rahisi, hawakuwa na sababu ya kuikumbuka Tanga. Kati ya mwaka wa 1964 na wa 1967 bei ilishuka kwa karibu nusu.

Kabla ya hapo chama cha wafanyakazi wa mashamba, chini ya Victor Mkello, kilikuwa kimepigania mishahara iliyo bora, nayo ikapanda. Wenye mashamba wakajibu kwa kupunguza watu. Bei iliposhuka wakawapunguza zaidi. Wengine walibaki karibu na mashamba na kujilimia, na wengi walirudi makwao, ambako jembe lilelile lililoubeba ukuaji wa mkonge liliombwa sasa libebe na anguko lake. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilitwaa mashamba mengi, lakini mabadiliko ya mwenye mali hayakubadili soko, na uendeshaji wenyewe ulikuwa na kasoro zake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno yalikuwa kama tani 20,000 tu, na mashamba ya serikali yakauzwa.

Mbegu bora iliyotokana na utafiti wa Tanganyika, chotara nambari 11648, ilipelekwa China katika mwaka wa 1963, na huko ikaenea sana. Katika Tanga yenyewe ulianzishwa, tangu mwaka wa 1999, mpango wa kuwagawia wakulima wadogo sehemu za mashamba makubwa. Katika miaka ya kwanza, mkonge ungali mchanga, mkulima huweza kupanda mahindi au kunde katikati ya mistari, hata chakula na zao la biashara vikawa katika konde moja na chini ya jembe moja. Lakini majani yaliyokatwa huharibika upesi yakikawia kuparuzwa, na mkulima wa eka kumi hana korona yake mwenyewe. Huyapanga kando ya njia na kulingoja gari.