Simu Iliyokosa WhatsApp

Wengi hudhani apu za kupakua zilizaliwa pamoja na iPhone. Wapi! Juni 2007 Steve Jobs aliwaambia watengenezaji programu: mkitaka kitu chenu kiwe kwa iPhone, kitengenezeni kama tovuti, kifunguke ndani ya Safari. Basi. Walinung'unika, na Julai 2008 App Store ikafunguliwa na apu kama 500. Tangu hapo Apple ndiyo soja wa geti: inakubali, inakataa, na apu ya kulipia ilikatwa asilimia 30.

(Mwaka huohuo wa 2007 huku kwetu M-Pesa ilianza ndani ya menyu ya laini tu. Haikujali umeshika simu gani.)

Lakini stori inayoniuma ni ya Firefox OS. Mimi HTML nilijifunzia saiba kabla hata niende chuo, na kuweka apu kwa App Store ni dola 99 kila mwaka. Sasa fikiria: 2011 Mozilla, wale wa Firefox, walianza kutengeneza simu ambayo kila unachokiona kwa skrini ni wavuti. Ukurasa wa kwanza, kamera, hata sehemu ya kupiga simu, vyote vimeandikwa kwa HTML, CSS na JavaScript. Yaani ukijua kutengeneza tovuti, apu tayari unaijua. 2013 ZTE Open ikaanza kuuzwa Uhispania kwa euro 69.

Ilikuwa nzito, sitadanganya. RAM ya MB 256 ibebe wavuti nzima? Lakini hiyo watu wangevumilia. Shida kubwa ilikuwa WhatsApp: haikuwa na WhatsApp rasmi. Niambie buda, nani ananunua simu kama hiyo? Desemba 2015 Mozilla ikatangaza inaacha kuziuza.

Kodi yake, kwa sababu ilikuwa wazi kwa yeyote, ikafufuka kwa jina KaiOS. 2017 ikaingia kwa JioPhone kule India, kabambe ya 4G iliyochukuliwa kwa amana ya rupia 1,500. Mamilioni wakaichukua. 2018 WhatsApp yenyewe ikaja, ikajiunga.

Alafu 2024 ikatolewa kwa duka la KaiOS. Ndiyo, hata simu ya wavuti ilishajifungulia duka lake. Simu zilikuwa bado nzima, betri bado inashika moto, na wenyewe hawakuulizwa kitu.