Uwanja wa Kipchoge Keino: Historia Fupi na Deni la Jina

Eldoret ilipopewa hati ya kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, ikawa ya tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru, ulimwengu ulikuwa umekwisha kuijua kwa miguu ya wakimbiaji wake. Kumbukumbu hii inahusu uwanja unaobeba jina la mkubwa wao, nayo inatetea hoja moja: jukwaa kuukuu likiondolewa, kinachosimama mahali pake kiwe nyumba ya wakazi wote, kuanzia Pioneer na Langas hadi Kapsoya na Huruma, si viti vipya vya kukaliwa siku za mashindano tu. Hoja hii si mtindo wa wapangaji miji wa leo. Historia ya uwanja na ya mji ndiyo inayoidai.

Mji huu ulizaliwa kwenye Shamba namba 64, palipofunguliwa posta mwaka 1910 kuwahudumia Makaburu na walowezi wengine wa Uasin Gishu, na hadi leo wenyeji wanauita Sisibo. Katika miji ya namna hiyo, michezo yenye paa, maji na chumba cha kubadilishia nguo ilikuwa mali ya klabu, na klabu zilikuwa za Wazungu. Waafrika walipewa kiwanja cha vumbi na, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kumbi za ustawi wa jamii hapa na pale. Ukumbi wa Kaloleni jijini Nairobi ulikusudiwa burudani, lakini wakazi waliugeuza pia kuwa mahali pa mikutano ya kisiasa. Funzo lake ni rahisi: watu wakipata paa la pamoja, hulitumia kwa shida zao zote, hata zile ambazo mjenzi hakuziwazia. Baada ya uhuru viwanja vya umma vilifunguliwa kwa kila mtu, ila ule mgawanyo wa zamani ukabaki kwa sura nyingine, kwani umma ulipata nyasi na kuta, huku huduma zikibaki kwa wenye kadi za uanachama.

Jina la uwanja linazidisha uzito wa hoja hii. Kipchoge Keino alishinda dhahabu ya mita 1,500 mjini Mexico City mwaka 1968, na ya mita 3,000 kuruka viunzi mjini Munich mwaka 1972. Mwaka 2016 uwanja wenyewe ulipata heshima yake, majaribio ya kuchagua timu ya Kenya ya Olimpiki yalipofanyika hapa mwishoni mwa Juni. Wiki chache baadaye, kwenye ufunguzi wa michezo ya Rio, Keino akawa mtu wa kwanza kutunukiwa tuzo ya Olympic Laurel. Hakupewa kwa medali zake. Alipewa kwa kazi yake katika elimu, utamaduni, maendeleo na amani kupitia michezo, kazi inayoonekana hapa Eldoret katika shule na makao ya watoto. Uwanja unaoenzi nusu ya kwanza ya maisha yake na kuisahau ya pili haujamaliza kumheshimu.

Wapo wanaosema uwanja wa wanariadha usichanganywe na mambo ya mtaa. Tartani huharibika, nyasi hukanyagwa na umati wa mikutano ya siasa, na mkimbiaji anahitaji utulivu. Hofu hiyo ina msingi, lakini inahusu mahali pa kukimbilia, haigusi jengo. Chini na nyuma ya jukwaa kuna nafasi ya maktaba, kliniki, ukumbi wa vijana na mazoezi ya ndani, yenye mlango wake wa barabarani, bila mtu kukanyaga njia ya mbio. Zanzibar, Uwanja wa Amaan uliofunguliwa mwaka 1970 ulijengwa upya na kufunguliwa tena Desemba 2023 ukiwa na viwanja na huduma nyingine kando ya kiwanja kikuu. Tena Eldoret inajua gharama ya kukosa mahali palipoandaliwa: mapema mwaka 2008 maelfu ya watu waliofukuzwa makwao waliishi kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho ya kilimo.

Pingamizi nzito zaidi ni ya fedha na uaminifu. Tangu ahadi za viwanja za kampeni ya 2013, ukarabati wa Kipchoge Keino umekuwa wa kuanza na kukwama. Kule Iten, uwanja wa Kamariny ulifungwa ili ukarabatiwe, kazi ikasimama miaka mingi, na wakimbiaji wakatawanyika kutafuta pa kufanyia mazoezi. Atakayesema mradi mkubwa zaidi utakwama vibaya zaidi ana ushahidi mkononi. Hata hivyo ushahidi huohuo unashuhudia jambo jingine: mradi unaotumiwa na watu wachache kwa siku chache hukwama bila makelele. Wenye shule, wenye kliniki na vilabu vya mtaa wakiwa na chumba chao humo, kila mwezi wa kuchelewa una wa kulalamika. Kinachotakiwa ni kujenga kwa awamu, na kutobomoa sehemu yoyote kabla ya mbadala wake kufunguliwa.

Kuhusu methali ya mali ya umma kukosa mwenyewe, jibu limo katika sheria. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliikabidhi kaunti michezo, utamaduni na mahali pa burudani kwa pamoja, kwa hiyo mwenyewe anajulikana na anaweza kuulizwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 475,716 mjini Eldoret, na wengi wao hawatashindana mbio hata siku moja. Basi mkazi wa Pioneer, kaunti inapoitisha kikao cha ushirikishaji wa umma kuhusu bajeti, nenda ukaulize mambo matatu: jengo litakuwa na vyumba gani, litafunguliwa saa ngapi, na ufunguo utakuwa kwa nani. Majibu yaandikwe kwenye mkataba kabla ya jiwe la msingi kuwekwa.